Kigeu na Thamani Yake katika Lugha za Kompyuta

Mwanafunzi anayeanza kujifunza kuandika programu za kompyuta hukutana, aghalabu katika juma lake la kwanza, na mstari ulio mfano wa huu:

n = n + 1

Mstari ni mfupi, na mwalimu huupita upesi kwa kuwa amekwisha kuuzoea. Lakini mwanafunzi aliyejifunza hesabu vizuri shuleni hana budi kusimama hapo. Kwa miaka mingi amefundishwa kwamba alama ile ya mistari miwili ni mizani: kilicho upande wa kushoto ni sawasawa na kilicho upande wa kulia. Akiutazama mstari kwa macho hayo, aona kwamba ameambiwa namba fulani ni sawasawa na namba hiyo hiyo ikiongezwa moja, jambo lisiloweza kuwa kweli kwa namba yo yote. Akiondoa n pande zote mbili, kama alivyozoezwa, hubakiwa na sifuri iliyo sawasawa na moja.

La kusikitisha ni kwamba mwanafunzi mwangalifu ndiye anayeumia zaidi. Asiyejali hunakili mstari na kwenda zake, na programu yake hufanya kazi. Anayejali hukaa akitafuta kweli ndani ya maneno ambayo, kwa jinsi anavyoyasoma, ni uongo. Yamkini wapo walioliacha somo hili mlangoni wakidhani kwamba akili zao hazikuumbwa kwa kazi hiyo, ilhali kosa lilikuwa la alama, wala si la akili. Nchini Tanzania taabu hiyo huongezeka, maana mtoto aliyehesabu kwa Kiswahili katika shule ya msingi hulikuta somo hili katika sekondari kwa lugha ya Kiingereza, na maneno anayopewa kulieleza hayamfiki moyoni kama yale aliyoyanyonya kwa mama.

Alama yenyewe ina umri mkubwa kuliko kompyuta. Robert Recorde, tabibu na mwanahesabu aliyezaliwa Wales, aliitumia katika kitabu chake kilichopigwa chapa London mwaka 1557, akaeleza kwamba amechagua mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja kwa sababu hapana vitu viwili viwezavyo kulingana kuliko hivyo. Alama ikaishi na kazi hiyo ya kutangaza usawa kwa muda wa karne nne. Mwaka 1957 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa FORTRAN, lugha ya kompyuta iliyotungwa na John Backus na wenzake, na humo alama ya Recorde ikapewa kazi nyingine kabisa, yaani kuamrisha. Wataalamu wa Ulaya na Marekani waliotunga ALGOL mwaka 1958 waliona hatari iliyomo, wakatanguliza nukta mbili mbele ya mistari, :=, ili amri isidhaniwe kuwa ni taarifa; na Niklaus Wirth akaufuata mwendo huo katika lugha yake ya Pascal ya mwaka 1970. Lakini lugha ya C, iliyoundwa na Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilirudia mistari miwili mitupu, na lugha nyingi zilizoenea leo zimeifuata, pamoja na Python ya Guido van Rossum iliyotolewa mwaka 1991. Kwa kuwa alama ya usawa ilikwisha kuchukuliwa, anayetaka kuuliza kama vitu viwili ni sawa hulazimika kuiandika mara mbili, ==. Ni kama mtu aliyeazima jembe la jirani, na jirani alipolitaka akaambiwa anunue mawili.

Basi kosa la kwanza la kusoma latokana na alama. Kosa la pili latokana na herufi. Herufi ya aljebra na kigeu cha kompyuta hufanana kwa sura, lakini tabia zao ni mbali. Waandishi wa Kiarabu wa aljebra, akiwamo al-Khwarizmi aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, walikiita kile kisichojulikana shay', maana yake kitu. Wafasiri wakaandika res kwa Kilatini, na Waitalia cosa, maneno yenye maana ile ile. Mwaka 1591 François Viète alitumia herufi za vokali kwa visivyojulikana na konsonanti kwa vijulikanavyo, na mwaka 1637 René Descartes akaleta desturi iliyodumu mpaka leo ya kutumia x, y na z. Katika safari hiyo yote kitu kilibaki kuwa siri inayotafutwa. Mtu akipewa 2x + 3 = 11, x ni 4 tangu mwanzo wa swali hata mwisho; ilikuwa 4 kabla hajaishika kalamu, ila hakuwa na habari. Haibadiliki, hufichuliwa tu. Tabia yake yakaribia ile ya neno fulani, nalo limetoka Uarabuni: asemaye “mtu fulani aliiba mbuzi” ana mtu mmoja akilini, na uchunguzi hautambadilisha mtu huyo bali utamtaja jina.

Kigeu cha kompyuta hakina siri. Ni jina lililowekwa ili lishike thamani, na thamani hiyo yaweza kuondolewa na nyingine kutiwa mahali pake mara nyingi kadiri programu inavyoendelea. Kwa hiyo swali la aljebra ni “x ni ngapi?”, na swali la programu ni “n ni ngapi sasa hivi?” Neno sasa ndilo lililozidi, nalo ndilo linalobeba mzigo wote.

Hapo sarufi ya Kiswahili yaweza kumfaa mwanafunzi kuliko alama za Recorde. Kiswahili hutenga waziwazi mambo matatu ambayo mistari miwili huyachanganya. Mtu akisema “bei ni 2000”, ametoa taarifa, ambayo yaweza kuwa kweli au uongo. Akisema “je, bei ni 2000?”, ameuliza, na jibu lake ni ndiyo au siyo. Akisema “bei na iwe 2000”, hakutoa taarifa wala hakuuliza; ameamuru, na amri haiwi kweli wala uongo, bali hutekelezwa. Katika Python ile ya tatu huandikwa bei = 2000, na ile ya pili huandikwa bei == 2000. Ile ya kwanza, taarifa tupu ambayo ndiyo mkate wa kila siku wa mwalimu wa hesabu, haina hata alama yake.

Mwanafunzi atakayejizoeza kuusoma mstari kwa sauti, akitia “na iwe” mahali pa mistari miwili, ataona kwamba n = n + 1 haumtishi tena: “n na iwe n ya sasa pamoja na moja.” Hapana mtu anayeshangaa mkuu wa shule akisema madarasa na yawe haya yaliyopo pamoja na moja. Jambo moja tu la kukumbuka ni kwamba mashine huanza na upande wa kulia. Huitazama n, ikakuta labda 7. Hujumlisha, ikapata 8. Ndipo inapokwenda upande wa kushoto na kuiweka 8 chini ya jina lile lile. Ile 7 imekwisha, na haina kumbukumbu yo yote mahali po pote ila kama iliwekwa kwanza chini ya jina jingine.

Tofauti hii yaonekana pia katika nyakati za vitenzi. Milinganyo ya aljebra haina wakati. Mtu aweza kuandika wa pili kabla ya wa kwanza na jawabu lisiharibike. Programu ni hadithi, na kiambishi chake ni -ka-: bei ikawa 2000, kisha ikawa 2100, kisha ikachapwa. Mbadilishie msimulizi mpangilio, mtu ale kabla ya kupika, na hadithi imekwisha haribika. Wanafunzi wengi huisoma programu kama orodha ya mambo yaliyo kweli kwa pamoja, hali ni mfululizo wa mambo yanayotendeka moja baada ya jingine.

Wanaisimu walilifikia jambo hili kwa njia nyingine. Richard Montague, katika makala yake iliyotoka mwaka 1973 baada ya kifo chake, alilishughulikia fumbo aliloletewa na Barbara Partee juu ya kipimo cha joto. Na fumbo lenyewe laweza kuelezwa kwa vitu vya sokoni. Bei ya unga ni shilingi 2000. Bei ya unga inapanda. Je, yafuata kwamba 2000 inapanda? La, hasha. 2000 haipandi wala haishuki. Ilikuwa 2000 tangu zamani na itakuwa 2000 hata unga wote uishe duniani. Kinachopanda si namba, bali ni kile kinachoshikwa na namba hii leo na namba nyingine kesho. Katika sentensi ya kwanza jina “bei” lasimama badala ya thamani yake ya sasa. Katika ya pili lasimama badala ya mahali penyewe ambapo thamani hupita. Kila msemaji wa Kiswahili huzielewa sentensi hizo mbili bila kufundishwa, na kwa sababu hiyo yafaa isemwe kwamba hakuna mtu anayeanza somo la vigeu akiwa mikono mitupu.

Cheo na mwenye cheo ni mfano wa namna hiyo hiyo. Mwaka 1984 maneno “Rais wa Tanzania” yalimtaja Julius Nyerere. Mwaka 1994 yalimtaja Ali Hassan Mwinyi. Mwaka 2004 yalimtaja Benjamin Mkapa. Kiti kilikuwa kimoja. Asemaye kwamba Rais huchaguliwa kila baada ya miaka mitano hamsemi mmoja wa watu hao, bali asema juu ya kiti. Na asemaye kwamba Rais alizaliwa Butiama hawezi kuwa anakisema kiti. Katika mihadhara aliyoitoa Copenhagen mwaka 1967, Mwingereza Christopher Strachey aliyapa mambo hayo mawili majina ya kufaa, thamani ya kushoto na thamani ya kulia. Jina likiwa kushoto mwa alama ya kuamrisha hutaja mahali. Likiwa kulia hutaja kilichomo mahali hapo. Katika n = n + 1 herufi moja imeandikwa mara mbili kwa kazi mbili, nayo ni haki yake, maana jina la cheo nalo hufanya hivyo kila siku katika magazeti.

Walimu wengi hukifananisha kigeu na sanduku linalotiwa kitu ndani. Mfano huo wavumilika, ila una madhara yake. Benedict du Boulay, katika makala ya mwaka 1986 juu ya taabu za wanaojifunza kuandika programu, alionyesha kwamba mfano wa sanduku huwafanya baadhi yao kudhani kwamba thamani mbili zaweza kukaa pamoja humo, kama mashati mawili. Tena kitu kikitolewa katika sanduku moja na kutiwa katika jingine, la kwanza hubaki tupu; bali amri a = b haiachi b ikiwa tupu.

Ulio bora ni ubao wa dukani. Majina ya bidhaa yameandikwa kwa rangi isiyofutika: unga, mchele, sukari. Mbele ya kila jina pana nafasi ya namba moja tu, nayo huandikwa kwa chaki. Mwenye duka akitaka bei mpya hufuta ile ya zamani na kuandika nyingine, jina halikuguswa. Akiamua kwamba mchele na uwe na bei iliyo mbele ya sukari, huitazama namba ya sukari, akaiandika mbele ya mchele, na ya sukari yabaki palepale. Tangu hapo safu hizo mbili hazina udugu: sukari ikipanda jioni, mchele hausikii.

Hilo la mwisho ndilo linalowanasa hata waliokwisha vuka mto wa n = n + 1. Na msomaji aitazame programu hii:

bei = 2000
kilo = 3
jumla = bei * kilo
bei = 2200

Alama ya nyota ni ya kuzidisha. Baada ya mstari wa nne, jumla ni ngapi? Aliyelelewa na aljebra hujibu 6600, kwa kuwa ameambiwa jumla ni bei mara kilo, na bei sasa ni 2200. Mashine hujibu 6000. Mstari wa tatu haukuweka sheria ya kudumu. Ulitoa amri ya mara moja, ikatekelezwa bei ilipokuwa 2000, ikaisha. Anayetaka 6600 hana budi kuitoa amri ile upya. Wenye kutumia majedwali ya hesabu ya ofisini, ambamo namba ya chini hujirekebisha yenyewe mara ya juu inapobadilishwa, hupotoka hapa zaidi ya wengine, maana majedwali hayo hufuata desturi ya aljebra. Dawa yake ni karatasi na kalamu: mwanafunzi aandike majina ya vigeu juu, ashuke mstari baada ya mstari, na kila thamani inapokufa aipige msitari wa kuifuta. Kazi hiyo hudharauliwa kwa kuwa yaonekana ya kitoto, lakini hapana njia iliyo fupi kuliko hiyo.

Katika karatasi hiyo hiyo ataona pia kwa nini thamani za vigeu viwili haziwezi kubadilishana kwa kuandika a = b kisha b = a. Ikiwa a ni 5 na b ni 9, amri ya kwanza huifuta 5, na ya pili huikuta 9 pande zote mbili. Hapana budi 5 iwekwe kwanza mahali pa tatu, kama vile mwenye kikombe cha chai na kikombe cha maziwa anavyohitaji kikombe kitupu akitaka kubadilisha.

Kuhusu majina, mashine haijui maana. Kigeu kikiitwa bei au b, kwake ni mamoja. Jina huchaguliwa kwa ajili ya wanadamu watakaoisoma programu, na mwandishi wake akiwa mmoja wao baada ya miezi sita. Hata hivyo FORTRAN ya kwanza ilikuwa na kanuni ambayo Mswahili ataitambua kwa furaha. Jina halikuzidi herufi sita, na lililoanza kwa moja ya herufi tangu I hata N lilihesabiwa kuwa la namba kamili. Yaliyobaki yalikuwa ya namba zenye desimali. Mwanzo wa jina ulitangaza ngeli yake! Kwa kanuni hiyo UZANI ungeshika 2.5 bila taabu, bali KILO, kwa sababu ya K yake, ingeitupa nusu na kubaki na 2, na mnunuzi asijue nusu kilo yake imekwenda wapi.

Ama juu ya jina la jambo lenyewe, makala haya yametumia kigeu. Kibadilika lingefaa, lakini lasikika kama kitu kinachobadilika chenyewe, na kigeu hakibadiliki ila kwa amri. Kigeugeu ni tusi la mtu asiye na msimamo, na darasa lingecheka. Kwa ukali wa sarufi lingefaa kigeuzwa, ila ufupi nao una haki yake.

Mfano wa ubao una mpaka, na mwanafunzi wa Python huufikia mapema, pale thamani inapokuwa si namba bali orodha. Na tuseme ameamuru:

wageni = ["Asha", "Juma"]
waalikwa = wageni

kisha akamwongeza Rehema katika waalikwa. Akiichapa orodha ya wageni atamkuta Rehema humo pia, ingawa hakumtia. Kwa desturi ya ubao, jambo hili halielezeki. Katika lugha hiyo jina si nafasi ya chaki. Ni jina hasa, kama lile la mtu, na amri ya pili haikutengeneza orodha nyingine bali iliipa ile moja jina la pili. Hamed bin Muhammed el Murjebi aliitwa pia Tippu Tip. Tippu Tip alipovuka Ziwa Tanganyika, Hamed hakubaki ng'ambo. Kwa namba taabu hii haitokei, maana namba yenyewe haiwezi kuongezwa kitu ndani yake, kama ilivyosemwa juu ya ile 2000. Jina laweza tu kuhamishiwa namba nyingine. Lakini orodha hubadilika tumboni huku ikibaki kuwa ile ile, na wote wenye kuitaja, kwa jina lo lote, huyaona mabadiliko. Anayetaka orodha mbili zisizojuana hana budi kuamuru nakala itengenezwe:

waalikwa = list(wageni)

Akimwongeza Rehema baada ya hapo, ataonekana katika waalikwa, na wageni watabaki Asha na Juma.